Blanketi Lililokunjwa Vizuri Mno

Nyumba ya mfano ilikuwa na kila kitu isipokuwa ukweli. Runinga ya sebuleni ilikuwa kipande cha kadibodi kilichopakwa rangi nyeusi. Matunda ya mezani yalikuwa ya plastiki. Vitabu vya kabatini vilikuwa migongo mitupu iliyogundishwa kwenye ubao mmoja. Inspekta alipovuta kimoja, vyote vikamfuata. Aliurudisha ubao mahali pake, akajifuta vidole kwa leso.

"Elimu hiyo, afande," alisema Koplo.

"Ya kubandika. Kama yako."

Koplo hakununa. Alikuwa amemfuata mwanamke huyu kwenye kesi nyingi, na alijua kwamba dharau yake ilikuwa kama mvua: haikuchagua paa.

Walipokuwa wakiingia walipita chini ya bango jipya, pana kama lori, lililotundikwa kwenye lango la mradi. Lilionyesha nyumba hii hii siku ilipofunguliwa kwa wanunuzi. Kwenye dirisha la ghorofani alisimama Mkurugenzi wa kampuni ya ujenzi, mikono ameinyanyua kama mtu aliyelileta jua kwa toroli. Chini yake paneli za sola zilimeremeta juu ya paa la baraza. Pembeni ya kiuno chake pazia la kahawia lilining'inia nje ya dirisha. Maandishi yalisema: HAMIA, JUA LITALIPA. Inspekta alilitazama kwa muda ule ambao mtu humtazama inzi.

"Meno kama mlango wa gereji," alisema, "na hata pazia hawakujua kulichagua."

Mtaa mzima ulikuwa umejengwa kwa akili hiyo. Nyumba za upande huu zilielekeza paneli zao barabarani. Nyumba za upande wa pili nazo zilielekeza paneli zao barabarani. Zilitazamana kama mashemeji walionuniana, na jua lilipita lilikotaka bila kuulizwa. Aliyezichora hakujali jua liko wapi. Alijali mpita njia yuko wapi.

Wangeweza kutorudi hapa. Kesi ilikwisha kufungwa, kwa maoni ya wakubwa, na jalada lilitakiwa kwa mwendesha mashtaka jioni hiyo. Kilichomrudisha Inspekta kilikuwa mwanamke aliyekaa kwenye benchi la kituo cha polisi tangu asubuhi. Kaka yake, fundi wa sola ambaye kila mtu kazini alimwita Bwana Waya, alikuwa ameanguka kutoka kwenye ngazi nyuma ya nyumba hii siku ile ya wanunuzi. Daktari alikuta viganja vyake vimeungua: umeme ulimpiga kwanza, rundo la vigae chini likammalizia. Mume wa mwanamke huyo, fundi aliyeitwa Mrefu, alikuwa mahabusu kwa tuhuma za kumuua. Walikuwa mashemeji, walifanya kazi pamoja, walikula sahani moja. Sasa mwanamke alikuwa amepoteza kaka na alikuwa njiani kumpoteza mume, na ndugu zake walikwisha kumfukuza msibani. Hawawezi kulia, walisema, na mke wa muuaji.

Ushahidi dhidi ya Mrefu ulikaa vizuri kwenye karatasi. Kibarua mmoja alimsikia asubuhi ile akimfokea shemeji yake: "Ubishi wako utakuua!" Wakati wa ajali hakuna aliyemwona Mrefu. Alidai alikuwa amekwenda stoo kuchukua viungio vya nyaya, lakini mtunza stoo alikuwa ameiacha stoo wazi, amekwenda kuwashangaa wageni. Na blanketi lilikutwa ndani ya begi lake.

Blanketi ndilo lililomtia ndani. Umeme wa nguzo huzimwa kwa swichi, lakini jua halina swichi. Paneli ikiona mwanga inatoa umeme, fundi awe tayari au asiwe tayari. Kwa hiyo mashemeji hawa walikuwa na desturi yao. Kabla ya kugusa ncha za nyaya, walizifunika paneli kwa blanketi zito la kahawia, lililoshonwa kutokana na mablanketi matatu. Paneli zikalala. Bwana Waya alikuwa amezifunika za mbele, akazunguka nyuma, akapanda ngazi na kuanza kuunganisha nyaya chini ya ukingo wa paa, mahali ambapo hakuweza kuiona baraza. Mtu alilivuta blanketi. Nyaya zikaamka mikononi mwake.

Mrefu alijua kazi ya blanketi lile kuliko mtu yeyote. Wakubwa waliona hilo linatosha.

"Nisimulie tena habari ya begi," alisema Inspekta.

"Nilifika nikakuta watu wamejaa nyuma huko. Begi la Mrefu lilikuwa hapa, mwanzo wa ngazi za kwenda juu. Nikalifungua, nikakuta blanketi limo."

"Nani alikutuma ulifungue?"

"Mkurugenzi alinionyesha. Akasema, 'Pekua vitu vya yule mwenzake, hawa walikuwa na ugomvi.'"

"Baada ya wewe kumuuliza?"

Koplo alifikiri. "Kabla hata ya kunisalimia, afande."

"Na blanketi lenyewe ulilifungua?"

Koplo alivitazama viatu vyake. "Lilikuwa kubwa. Nikaona nikilifungua nitashindwa kulirudisha. Nikalitia kwenye mfuko lilivyo."

"Tangu uajiriwe, hii ndiyo mara ya kwanza uvivu wako umelitumikia jeshi."

Aliuchukua mfuko wa vielelezo, mfuko wa plastiki usio na rangi, akauweka kwenye meza kando ya matunda ya uongo. Blanketi lilikuwa limekunjwa kwa urefu mara tatu, likaviringishwa bila kikunyanzi hata kimoja, na pembe ya mwisho ikachomekwa ndani kama ulimi wa bahasha. Halafu akalifungua begi la Mrefu, ambalo nalo walikuwa wamelileta. Ndani yake nyaya zilisokotana kama utumbo wa kuku. Koleo lilikuwa limeuma soksi. Shati la kazi lilikuwa limefinyangwa kuwa tambara, na tambara lilikuwa safi kuliko shati.

"Nilimuuliza mkewe asubuhi," alisema Inspekta. "Nikamwambia, mumeo huwa anakunja nguo? Alikuwa analia, lakini alicheka. Akasema, 'Huyo? Shuka likianguka chini, afande, analiruka.'"

"Anaweza kuwa ameamua kukunja siku hiyo."

"Mtu anaua shemeji yake kwa kuvuta blanketi, watu wamejaa uwanjani, halafu anatulia kulikunja kama anamtunza bibi harusi?" Inspekta alizipanda ngazi za ndani. Ya tatu ililia chini ya mguu wake. "Nyumba haijapata hata mwenyewe, na tayari ina baridi yabisi ya magoti. Twende."

Ghorofani waliongozwa na Dada wa Mauzo, msichana nadhifu aliyevaa sare ya kampuni na kitambulisho shingoni. Alizungumza kama kanda iliyorekodiwa.

"Karibuni kwenye maisha mapya. Hiki ni chumba cha wazazi, hili ni bafu lake. Maji ya moto yanatoka juani, taa zinatoka juani..."

"Maji yako wapi?" Inspekta alikuwa amefungua bomba. Lilikohoa, likatoa vumbi.

"Mfumo haujaunganishwa bado, afande. Lakini ukishaunganishwa..."

"Utatoa matope."

Kando ya sinki kulikuwa na rafu ya mataulo meupe. Inspekta alivuta la juu kabisa, akajifuta mikono mikavu, akalitupa kwenye ukingo wa sinki. Kisha akaanza kukagua ukuta, ambao ulikuwa na ufa mwembamba kutoka kwenye dari mpaka kwenye kigae cha kwanza. Aliufuata ufa kwa kidole. Hakugeuka.

Dada wa Mauzo alivumilia kidogo. Aliliangalia taulo, akaangalia mlango, akaliangalia tena. Mwishowe alilichukua. Mikono yake ilifanya kazi bila kumwuliza: mara tatu kwa urefu, ikaviringisha, ikalainisha, ikachomeka pembe ndani. Alilirudisha juu ya wenzake na kulipigapiga kama mtoto aliyelala.

"Unakunja vizuri," alisema Inspekta, bado anautazama ukuta.

"Asante. Nilifanya kazi hotelini kabla ya hapa."

"Hapa mradini mko wangapi mliotoka hotelini?"

"Mimi peke yangu," alijibu kwa fahari, kabla hajajua alikuwa anajibu nini.

"Koplo."

Koplo aliuweka mfuko wa vielelezo kwenye rafu, kando ya mataulo. La kahawia na yale meupe yalifanana kama watoto wa tumbo moja waliozaliwa na baba tofauti. Dada wa Mauzo alishika sinki.

"Mimi sijaua mtu."

"Sijasema umeua. Nimesema unakunja vizuri."

"Niliokota tu. Lilikuwa sakafuni, chumbani hapo. Nikalikunja, nikalipeleka chini kwenye begi la mafundi. Sikujua ni begi la nani kati yao."

"Nani alilitupa sakafuni?"

Maneno ya msichana yalitoka kwa haraka, kama ya mtu aliyeyakariri kitandani. "Mimi. Ni mimi nililivuta. Nilisimama dirishani nikalivuta. Sikujua kazi yake. Niandikieni hivyo."

"Haya," alisema Inspekta. "Nionyeshe."

Waliingia chumbani. Kitanda kilikuwa maboksi mawili yaliyofunikwa shuka. Dirisha lilitazama paa la baraza, na paneli zilikuwa hapo chini, karibu kiasi kwamba mtu aliyeinama angeweza kuzigusa. Mapazia meupe yalishuka pande zote mbili.

"Fungua dirisha."

Dada wa Mauzo alisukuma. Alisukuma tena, kwa viganja vyote viwili, mpaka shingo ikamsimama. Fremu ilikuwa imepinda. Mbao zilikatwa zikiwa mbichi, nazo zilikuwa zimekauka kwa hasira. Dirisha halikutikisika.

"Koplo, msaidie mwenzako kukiri."

Koplo aliliegemea kwa bega. Dirisha lilipiga ukelele na kufunguka.

"Siku ile," alisema Inspekta, "bega lilikuwa la nani?"

Msichana alikaa kitandani. Maboksi yalibonyea chini yake. Alifunika uso.

Inspekta alimwacha. Alikuwa amelishika pazia jeupe na analitazama kwa namna ambayo hajawahi kulitazama pazia lolote. "Haya yalibadilishwa lini?"

"Hayajabadilishwa," alisema msichana kati ya vidole. "Ni haya haya tangu mwanzo. Bosi hataki rangi huku juu. Anasema nyeupe ndiyo inauza."

"Koplo. Kwenye lile bango, pazia lilikuwa la rangi gani?"

"Kahawia, afande. Ulilitukana."

"Nilikosa adabu," alisema Inspekta. "Halikuwa pazia."

Baada ya hapo msichana hakuhitaji kusukumwa. Alieleza, na Koplo akaandika. Asubuhi ya siku ile Bwana Waya alimwambia Mkurugenzi mbele ya msichana huyo: "Bosi, nafunika hapa mbele, nafanya kazi nyuma. Blanketi lisiguswe mpaka nishuke mwenyewe." Mkurugenzi alicheka, akamwambia afanye haraka. Kisha wageni wakafika mapema. Mkurugenzi alipanda juu na mpiga picha akabaki chini uwanjani. Alipochungulia dirishani alipandwa na hasira.

"Alisemaje? Maneno yake yenyewe."

"Alisema, 'Wageni wako getini, na nyumba yangu imejifunika blanketi kama mgonjwa wa homa.' Akalivuta. Akalining'iniza hapo dirishani, akanyanyua mikono, akapigwa picha. Watu wakapiga makofi. Halafu akalitupa chini, akaniambia niondoe takataka. Mimi..." Alizitazama mikono yake kwa chuki. "Mimi siwezi kukiacha kitu bila kukikunja. Nilikuwa nashuka nalo ndipo tukasikia mtu anapiga kelele nyuma kwamba fundi ameanguka."

"Na baadaye?"

"Baadaye aliniita. Akasema, 'Wa mwisho kulishika ni wewe, nimekuona ukilitia begini. Mimi nilikuwa nawapungia watu mkono, wote wameniona.' Akasema nifikirie mama yangu anaishi kwa mshahara wa nani."

"Mke wa Mrefu umewahi kumwona?"

"Anakuja getini kuomba vifaa vya mumewe. Huwa napitia nyuma."

"Leo utapitia mbele," alisema Inspekta. "Sema maneno haya haya mbele ya mwandishi wa maelezo, kisha uyaseme mbele yake. La kwanza ni sheria. La pili ni deni lako."

Sauti ya gari ilisikika uwanjani. Mkurugenzi alikuwa amefika. Alishuka na miwani ya jua, akiwa amebeba vitabu vya matangazo kwapani, akaingia sebuleni kwa hatua za mtu anayeingia jukwaani. Taa zote za nyumba zilikuwa zinawaka, mchana kweupe.

"Afande! Umeionaje kazi yetu? Wengine wanajenga nyumba. Sisi tunajenga kesho."

"Nimeiona. Kesho yenu haifunguki madirisha."

Mkurugenzi alicheka kwa meno yote. "Nimesikia jalada linakwenda leo. Poleni kwa usumbufu. Vijana hawa, unajua, ukimpa mtu kazi na shemeji yake umenunua ugomvi."

"Nieleze jambo moja nimalize. Blanketi liliondokaje?"

"Huyo Mrefu si mmemkamata?"

"Nakuuliza wewe."

"Basi labda upepo, dada yangu. Hapa tuna upepo mkali."

"Upepo uliovua blanketi, ukalikunja, ukashuka nalo ngazi, ukafungua zipu ya begi. Upepo huo ningeuajiri nyumbani kwangu. Na usiniite dada yako. Kaka zangu wanafanya kazi."

Alimwelekeza kwenye dirisha la sebule. Kutoka pale bango la langoni lilionekana lote, kwa sababu lilichapishwa pande mbili ili hata wanaotoka wasikose kumwona.

"Kile cha kahawia kiunoni mwako ni nini?"

Mkurugenzi alilitazama bango. Inspekta aliona wazi kwamba mtu huyu alikuwa amelitazama mara nyingi, na kwamba siku zote hizo alikuwa amejitazama yeye tu. Meno yalifungwa moja baada ya jingine.

"Pazia."

"Mapazia ya chumba kile ni meupe. Nyeupe ndiyo inauza."

"Huyo msichana amewaambia nini? Mwongo yule! Nilimtoa hotelini, alikuwa anatandika vitanda vya watu!"

"Amejaribu kukuokoa. Alikiri kosa lako. Dirisha lako ndilo lililomkatalia." Inspekta hakupandisha sauti. "Bango hilo linakuonyesha ukiwa na blanketi kiunoni, na umelitundika mwenyewe barabarani. Nimewahi kuwakamata wezi wajinga. Lakini hata wao huficha kitu walichoiba, hawakichapishi."

Mkurugenzi aliweka vitabu vya matangazo mezani. Alipozungumza tena alitumia sauti nyingine, ya chini, ya mezani kwa wafanyabiashara. "Sawa. Sawa, nililiondoa. Lakini kosa liko wapi? Fundi alikuwa amekwisha kumaliza. Nilidhani amelisahau tu juu ya paa. Ningejuaje yuko nyuma? Ni ajali, afande. Mambo ya Mungu."

"Alikuwa amemaliza."

"Kabisa. Taa zilikuwa zinawaka. Waulize wageni wote, nyumba nzima iliwaka kwa jua. Kama inavyowaka sasa hivi."

"Kwa jua."

"Kwa jua!"

"Koplo," alisema Inspekta, "nenda nyuma ya ukuta wa jirani. Kuna kitu kinakoroma huko tangu tumefika. Kinyamazishe."

Koplo alitoka. Wote wawili walisimama wakisikiliza mngurumo ambao Mkurugenzi aliuzoea kiasi cha kutousikia tena. Ukakohoa. Ukakatika. Taa za sebule zilizimika zote kwa pamoja, na nje jua liliendelea kuchoma paneli zilizokuwa hazijaunganishwa na kitu.

"Jenereta," alisema Inspekta. "Mtunza stoo amekwisha kusema. Siku ile ulimwagiza wewe mwenyewe, kabla wageni hawajafika. Ulimwambia, 'Washa, fundi hatawahi.' Kwa hiyo ulijua hajamaliza. Na kama hajamaliza, alikuwa wapi? Alikuambia alipo. Alikuambia na kitu gani kisiguswe."

"Nilisahau..."

"Hukusahau. Ulisimama dirishani ukapima. Upande mmoja mtu kwenye ngazi, upande mwingine picha. Ukaona mtu huyo haonekani kutoka barabarani."

Uso wa Mkurugenzi uliiva kwa hasira. Kwa mara ya kwanza alisema jambo bila kulipamba. "Ulitaka nifanye nini? Watu wametoka mbali kuona sola, mimi niwaonyeshe blanketi kuukuu? Nani ananunua nyumba yenye tambara juu ya paa? Lilikuwa blanketi tu! Dakika moja ya picha, basi!"

Koplo alikuwa amerudi mlangoni. Aliyasikia yote, na safari hii aliandika bila kuambiwa.

"Nilikwenda kumwona Mrefu leo," alisema Inspekta. "Nilimuuliza kwa nini alimwambia shemeji yake kwamba ubishi utamuua. Unajua walikuwa wanabishania nini? Yeye alitaka kazi iahirishwe. Alisema siku ya wageni haifai kuwa na nyaya wazi, kwa sababu matajiri hawakai mikono mifukoni. Marehemu alikataa. Alisema, 'Bosi nimemwambia, na bosi ni mtu mzima.'" Alimtazama kutoka kwenye miwani mpaka kwenye viatu. "Hilo ndilo kosa pekee alilolifanya fundi huyu. Alikuhesabu kuwa mtu mzima."

Alipiga simu kituoni. Alisema maneno machache: jalada lisiondoke, lina jina lisilo lake, Mrefu aletwe ofisini kwake na asirudishwe ndani, mwanamke wa kwenye benchi aambiwe. Upande wa pili wa simu mtu alihoji jambo. "Mwambie mkuu nitaeleza mwenyewe," alijibu. "Mwambie pia alete ngazi. Kuna bango la kushushwa, ni kielelezo." Alisikiliza kidogo. "Alikuwa kwenye benchi. Sasa hayupo? Amekwenda wapi?"

Hakuhitaji jibu. Kupitia dirishani alimwona. Mwanamke alikuwa amesimama langoni chini ya bango, na mfuko wa plastiki mkononi, kama mtu aliyekuja kuomba vifaa vya mumewe kwa mara nyingine. Mlinzi alikuwa anamfukuza kwa ishara ya mkono. Dada wa Mauzo alitoka mlangoni, akasita kwenye baraza, chini ya zile paneli. Kisha akaanza kutembea kuelekea langoni. Sare yake ilikuwa bado nadhifu, lakini mikono yake haikujua pa kukaa. Alipofika alizungumza. Wa ndani hawakusikia kitu. Waliona tu mwanamke akiuachia mfuko wake uanguke, na msichana, aliyeshindwa kukiacha kitu chochote sakafuni, safari hii akiuacha ulipo na kuinamisha kichwa.

Mwanamke hakumpiga. Aligeuza macho, akaitazama nyumba.

"Afande," alisema Mkurugenzi. Koplo alikuwa amemshika mkono juu ya kiwiko. Sauti ya jukwaani ilikuwa imekauka kabisa. "Nina wanunuzi wanakuja mchana huu. Magari yatapanga foleni hapo mbele. Kuna mlango mdogo wa nyuma, pale penye vigae. Nakuomba. Tupitie huko."

Inspekta alifikiria rundo la vigae nyuma ya nyumba, na ukuta ambao chini yake fundi alikuwa amelala bila kuonwa na mtu yeyote aliyekuwa akipiga makofi. Alichukua mfuko wenye blanketi, akauweka vizuri kwapani.

"Tunapitia mbele," alisema. "Wewe ndiye uliyetaka kila kitu kielekezwe barabarani."